Kosa moja, hukumu kila mtu na yake: mgeni na mwenyeji mbele ya hakimu. Tupeane uzoefu

Benchi la Nyuma

Wakuu, habari za jioni. Mwaka jana nilikuwa nafuatilia kesi ya mpwa wangu kwenye mahakama moja ya wilaya huku mpakani. Yake iliisha salama, tuiache. Ila ukikaa mahakamani kutwa nzima unasikia na ya wenzako.

Siku hiyo waliletwa vijana wa Kihabeshi, kundi zima, walikamatwa kwenye lori wakielekea Afrika Kusini. Shitaka: kuwepo nchini bila kibali. Akatafutwa mkalimani, akapatikana mfungwa, Muhabeshi mwenzao aliyeokota Kiswahili hukohuko gerezani. Mwendesha mashtaka anasoma ukurasa mzima, yule jamaa anawaambia maneno matano. Wote wakatikisa kichwa. Ikaandikwa wamekiri. Faini laki tano kila mmoja au jela. Mfukoni hawana hata buku.

Mchana akapanda kizimbani bwana mmoja, naye mgeni, fundi wa mradi fulani, viza yake ilishakufa zamani. Ana wakili, ana mtu wa kampuni kakaa mbele na bahasha. Faini laki tano ileile. Ikalipwa, akatoka.

Ukisoma kwenye faili utaona wametendewa sawa kabisa. Ndiyo maana naanzisha uzi huu: watu husema "wageni wanapendelewa", wengine husema "wageni wanaonewa", na mimi siku moja nimeona yote mawili, kwa kosa moja, kwa hakimu mmoja. Tuambizane tuliyoyaona kwa macho. Majina ya watu na ya mahakama tuyaweke kando.

Karani wa Pwani

Mimi niko Kenya, nafanya kwa ofisi ya wakili. Huku kosa hilo liko kifungu cha 53 cha sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011: faini isiyozidi laki tano za Kenya, ama jela isiyozidi miaka mitatu, ama vyote viwili. Ona hapo: kuna dari, hakuna sakafu. Hakimu anacheza humo katikati anavyoona.

Tulisimamia wavuvi wa kutoka upande wa Tanga. Korti ya kwanza ikawapiga elfu ishirini na amri ya kurudishwa kwao. Wenzao walioshikwa baadaye, mashua kama ile, samaki kama wale, wakapelekwa korti nyingine: elfu mia moja ama miezi sita. Nikamuuliza bosi tofauti iko wapi, akaniambia hakimu wa pili alikuwa amechoka na kesi za wavuvi. Alikuwa anatania, lakini si sana.

Miongozo ya kutoa adhabu tunayo tangu 2016, ikafanyiwa marekebisho 2023. Imeandikwa vizuri. Shida, mshtakiwa asiye na wakili hakuna wa kumfungulia ukurasa.

Na usawa wenyewe wakati mwingine unashangaza. Mnakumbuka kesi ya magendo ya chungu, wale wadudu, korti ya uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, Mei 2025? Vijana wawili wa Kibelgiji walikuwa na karibu chungu 5,000. Mvietnamu na Mkenya, kwa kesi ya pili, walikuwa na mamia tu. Wote wanne: milioni moja ama mwaka mmoja ndani. Watu walishangilia kwamba mzungu na Mkenya wamepimwa kwa kibaba kimoja. Mimi nikawa nauliza, je, mwenye mamia na mwenye maelfu ni sawa?

Shoka Butu

Mimi sikubaliani na kichwa cha uzi. Wageni Tanzania hawapendelewi, wanakatwa kweli. Desemba 2015, Mbeya, Wachina wanne, pembe 11 za faru, miaka 20. Machi 2016, Wachina wawili, meno ya tembo 706, miaka 35. Februari 2019 yule mama wa Kichina waliyemwita malkia wa pembe za ndovu, mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, miaka 15, na Watanzania wawili walioshtakiwa naye wakapewa 15 hiyohiyo. Upendeleo uko wapi?

Benchi la Nyuma

Shoka, umenisaidia bila kukusudia. Meno 706 miaka 35, halafu shauri la huyo malkia, vipande zaidi ya 800, miaka 15. Najua mashitaka hayakuwa ya kifungu kimoja, na mwanasheria atakuja hapa kunifafanulia. Lakini mwananchi aliyesikia habari zote mbili redioni atajifunza nini kuhusu bei ya kosa hilo?

Na ile ya twiga hai waliopandishwa ndege KIA, uwanja wa Kilimanjaro, 2010 kwenda Qatar, umeisahau? Desemba 2014 Moshi, raia wa Pakistani kafungwa miaka 60, Watanzania watatu walioshtakiwa naye wakaachiwa huru. Huyo wa sitini hakuwepo. Alishakwenda zake. Kifungo kizito kuliko vyote hapo ni cha mtu ambaye hajalala mahabusu hata usiku wa hukumu.

Shoka Butu

Hapo kwa twiga umenimaliza 😂

Mstaafu Nyapara

Nimetumikia magereza hadi kustaafu, gereza silitaji. Mnabishana kuhusu miaka, mimi niwaambie kinachofuata miaka ikiisha.

Mtanzania akimaliza kifungo asubuhi anapewa vitu vyake, anatoka getini, ndugu wanamsubiri. Muhabeshi akimaliza, haondoki. Ni mgeni asiye na kibali, ukimfungulia geti anatenda tena kosa lilelile mbele ya macho yako. Anasubiri Uhamiaji. Uhamiaji wanasubiri nauli. Nauli itoke wapi? Basi analala palepale, anakula foleni ileile, na sisi hatuna neno la kumwandika kwenye daftari. Nilikuwa na kijana alikuwa ananiuliza kila nikiingia zamu, "Afande, leo?" Baadaye akaacha kuuliza.

Januari 2021, Rais wa Ethiopia alipokuja Chato, Magufuli alitangaza kuwaachia Wahabeshi 1,789. Watu wakashangaa hesabu. Sisi wa ndani hatukushangaa.

Kwa hiyo hakimu akisema mwaka mmoja kwa mwenyeji na mwaka mmoja kwa mgeni, ajue hatoi kitu kimoja.

Bi Mkunga wa Mwera

Assalaam aleikum wana jamvi. Mimi yangu ni ya upande wa pili wa bahari, kule sisi ndio wageni. Nchi ya Ghuba, nisiitaje.

Nilitoka nyumba niliyokuwa nafanya kazi kwa sababu mshahara ulikatika. Kabla sijafika popote, kafili, yaani mwajiri aliyenidhamini, keshaandikisha kuwa nimetoroka, na keshaongeza kwamba nimeiba bangili za mkewe. Kituoni maelezo yakaandikwa Kiarabu. Mkalimani wao alikuwa Mhindi anayesema Kiingereza, na Kiingereza changu mnakijua, cha darasa la saba. Nikaambiwa: weka dole gumba urudishwe kwenu, au kataa, ubaki ndani kesi isikilizwe. Itasikilizwa lini? Hakuna ajuaye. Nikaweka dole.

Kwa kafili hakuna aliyekwenda kuuliza mishahara yangu iko wapi. Sikuona hakimu wala kizimba. Nyinyi mnalinganisha hukumu, mimi hukumu yenyewe sikuipata.

Karani wa Pwani

Pole sana Bi Mkunga. Huku wengi walifuatilia ya Mkenya mmoja aliyekuwa Saudia: vita na mfanyakazi mwenzake 2011, yule mwenzake akafa. Kwanza alipewa miaka mitano. Rufaa ikageuza kuwa kifo. Akaokolewa na diya, ile fidia ya damu wanayolipwa ndugu wa marehemu, riyali milioni tatu na nusu, akatoka 2025. Tukio ni lilelile moja, majibu matatu.

Bi Mkunga wa Mwera

Ndiyo. Na wangapi hawana wa kuwachangia.

Mla Theluji

Naandika kutoka Marekani. Huku adhabu inaweza kufanana hadi nukta na bado ikamaliza mmoja tu.

Nina binamu wawili, mtu na mdogo wake. Mkubwa alishaapa uraia, mdogo alikuwa na green card, kibali cha ukaazi wa kudumu. Wakashikwa kwa wizi wa dukani, mzigo wa maana kidogo. Wakakiri pamoja, wakapewa siku 365 kila mmoja, zote za nje, yaani hakuna kulala jela wakitulia. Tukakumbatiana nje ya mahakama, tukaenda kula.

Sheria ya uhamiaji ya huku, tangu marekebisho ya 1996, inasema wizi wenye adhabu ya mwaka mmoja ni kosa kubwa la kumfukuzisha mtu nchini, na hata kama mwaka huo hukuutumikia unahesabiwa. Mdogo alichukuliwa na watu wa uhamiaji. Mkubwa yuko kazini mpaka leo. Kama ingeandikwa 364, kwa kosa hilo asingeingia kwenye fungu hilo. Ndiyo maana majimbo kama Washington 2011, California 2015 na New York 2019 yalishusha kilele cha adhabu ya makosa madogo kuwa siku 364.

Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema 2010, kesi ya Padilla, kwamba wakili lazima amwonye mgeni kuhusu kufukuzwa kabla hajakiri. Vijana mlioko huku, kabla ya kusema "guilty", ulizeni wakili swali hilo kwa mdomo wenu. Wa serikali wana mafaili mpaka darini.

Wakili Msomi wa Kariakoo

Nimesoma yote. Kuhusu Wahabeshi wa mwanzisha uzi: kukiri kwa namna ile kunaweza kutenguliwa. Kuna uamuzi wa zamani wa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, Adan dhidi ya Jamhuri, 1973, unaotumika hadi leo Kenya na Tanzania. Mashitaka yaelezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, majibu yaandikwe kama alivyoyasema, kisha asomewe maelezo ya tukio na aulizwe tena. Kutikisa kichwa kwa pamoja hakutoshi. Kwa Tanzania, notisi ya kukata rufaa ni ndani ya siku 10, na sababu za rufaa ndani ya siku 45. Akiwa gerezani anaipitisha kwa mkuu wa gereza.

Benchi la Nyuma

Mstaafu, uliwahi kuona wakikata?

Mstaafu Nyapara

Waswahili wanakata sana, gerezani wamo mabingwa wa kuandika rufaa kuliko nyinyi mawakili. Wahabeshi, katika miaka yangu, niliona mmoja. Siku kumi zinakwisha hata hajajua kwamba zilikuwepo. Yule mmoja alipata mwenzie wa chumba, mwalimu mstaafu aliyefungwa kwa mambo ya ushirika, wakaandikiana kwa vidole na michoro wiki nzima. Alishinda, akatoka. Akarudishwa mahabusu kusubiri nauli.