Wauza maiki wa Tanga mnatuuzia kondensa bila umeme wake halafu mnasema laptopu zetu ndo mbovu!

Wakuu heshima kwenu. Nina hasira hapa nilipo na naomba mnivumilie uzi uwe mrefu, maana hili limewakuta wengi tu hapa mjini na watu wanaishia kunyamaza.

Iko hivi, watoto wa madrasa yetu hapa Makorora wana kaswida wamezifanyia mazoezi wee mpaka zimekaa, ustadhi akaniomba nirekodi kwa sababu laptopu ninayo na Audacity, ile programu ya kurekodi sauti, naijua. Wazazi wakachanga, laki na nusu ikapatikana, na hizo ni hela za mama lishe na wavuvi wakuu, sio hela za mchezo. Nikaenda duka moja Ngamiani, jina silitaji. Nikamweleza yule muuzaji vizuri kabisa kwamba nina laptopu tupu, mikisa sina, kitu kingine chochote sina, nataka kurekodi sauti za watoto. Akanishushia maiki ya kondensa, ile nene ya kuongelea kwa ubavuni, na waya wake mmoja upande huu XLR, ile plagi nene ya pini tatu, upande huu kipini kidogo cha hedifoni. "Hii ya studio kabisa broo, we chomeka tu inapiga kazi." Maneno yake hayohayo.

Nikachomeka. Nabonyeza kile kiduara chekundu, mstari umelala. Nikaigonga kwa kidole, nikapuliza, nikamwambia mtoto apige kelele mdomo uguse wavu kabisa, mita haitikisiki hata kidogo. Watoto wamekaa mkekani na madufu yao toka alasiri mpaka magharibi inaadhiniwa, wadogo wameanza kusinzia, ustadhi ananiangalia ananiuliza taratibu "vipi kijana wangu, bado?" na mimi sina la kumjibu.

Narudi dukani, yule bwana maiki hata hakuishika! Akasema laptopu yako ina virusi, peleka kwa fundi. Kwa fundi naambiwa elfu thelathini apige Windows upya. Jamani, upige Windows upya kwa sababu maiki haitoi sauti, na hujauliza hata ni maiki ya aina gani?

Sasa niseme ambacho hawakisemi pale kaunta. Kondensa ya studio ina elektroniki ndani yake na hiyo inataka umeme, volti 48, zinapita kwenye waya uleule wa XLR unaobeba sauti, zinapandia pini ya 2 na ya 3 zinarudi kwa pini ya 1. Hiyo ndo fantomu pawa. Tundu la laptopu linatoa vivolti vichache tu vya kuamshia vimaiki vya hedifoni. Kuna kondensa za bei chee zinaamka kidogo kwa hivyo vivolti, sauti inatoka kwa mbali na mvumo kibao, ndo hapo muuzaji anapata pa kujifichia, mbona kwa fulani inafanya kazi. Ila ile inayotaka 48 kweli haiamki, utapuliza mpaka mapafu yaishe. Na sio kwamba hapakuwa na njia ya kunisaidia, maiki za dainamiki hizi za maharusini hazihitaji hizo volti, na maiki ya USB ingeniingia moja kwa moja kwenye laptopu biashara ikaisha. Mtu nimekuambia sina kitu zaidi ya laptopu!

Halafu angalieni na ule waya. Shikeni kile kipini mhesabu vimistari vyeusi. Vikiwa viwili, na laptopu yako ni hizi za siku hizi zenye tundu moja la hedifoni na maiki pamoja, imekula kwako, kwa sababu tundu hilo linataka kipini cha vimistari vitatu, na ukichomeka cha viwili pale laptopu inapotegemea kukuta maiki inakuta ethi, yaani waya wa ardhi usio na sauti. Wangu una viwili. Kwa hiyo hata angenipa maiki isiyotaka volti 48, kwa waya ule ningepata kimya kilekile, mpaka ninunue na kile kigawanyio cha kutenganisha maiki na hedifoni. Yaani kanifungia mlango mara mbili.

Na nyie mafundi, kabla hamjafuta mafaili ya watu, ingieni kwanza kwenye seting'i za sauti za Windows muongee muone kile kimstari kinacheza au hakichezi. Kikicheza pale halafu Audacity kimya, basi shida ni kifaa kilichochaguliwa kwenye programu, au kama unatumia Reaper, programu nyingine ya kurekodi, hujawasha kile kitufe chekundu cha traki au umechagua ingizo silo. Kuna na ile swichi ya faragha, Windows 10 na 11 zote wanayo, ya kuruhusu programu za mezani zitumie maikrofoni, ikizimwa unaweza kurekodi kimya na usiambiwe chochote. Yangu niliikagua, imewashwa. Kimstari cha Windows chenyewe kilikuwa hakichezi, sasa Windows mpya ingeleta volti kutoka wapi?

Mshkaji wangu wa Chumbageni anayerekodi matangazo akaja na intafesi yake ya USB, kile kiboksi cha kuunganishia maiki na laptopu, akaweka waya wa XLR kwa XLR, akabonyeza kitufe cha 48V, kitaa chekundu kikawaka, akapandisha geini, yaani kukuza sauti ya maiki. Laptopu ileile, maiki ileile, tukasikia mpaka feni ya dari na bodaboda zinazopita nje.

Nikarudi dukani. Wakuu, nyuma ya mgongo wa yule bwana, kwenye shelfu, kuna kiboksi kimeandikwa 48V kimejaa vumbi. Namuuliza hicho nini. "Fantomu hiyo, unataka? Themanini." Siku ile nanunua kilikuwa palepale! Alijua maiki hii inataka nini, alijua sina, akachukua hela. Nikidai anirudishie au abadilishe na ya USB ananionyesha karatasi ukutani, mali ikishauzwa hairudishwi. Hiyo karatasi haimpi ruhusa ya kudanganya watu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, na mtu akikuambia chomeka tu inapiga kazi kashakupa neno lake.

Jumamosi naenda tena na ustadhi na wazazi wawili waliotoa mchango, na laptopu naibeba, aichomeke mwenyewe mbele yetu ipige hiyo kazi. Ikishindikana twende kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha mbele zaidi.

Huku nyuma watoto wanasubiri na Maulidi haisubiri mtu. Intafesi ya mshkaji ni ya kazi hawezi kuniachia. Mwenye intafesi yoyote yenye kitufe cha 48V, hata ya tundu moja, wa Makorora, Mabawa, Mikanjuni popote pale, anicheki inbox aniazime kwa siku moja, naifuata mwenyewe na nairudisha mwenyewe. Na waliouziwa kondensa na waya wa vimistari viwili hapahapa mjini andikeni hapo chini mliambiwaje, nataka Jumamosi niende na hayo maneno.