Mikutano ya haki za watu wenye ulemavu mwakani: Vienna, Anaheim, Nairobi au New York?

Mwana_Pongwe
Wadau habari za humu. Chama chetu huku Tanga kimepata mfadhili, kakubali kugharamia mkutano mmoja mwakani na anataka jina la mkutano kabla mwezi haujaisha aingize kwenye bajeti yake. Tunayo minne mezani: Zero Project kule Vienna mwezi wa pili, CSUN ya Anaheim Marekani mwezi wa tatu, Inclusive Africa ya Nairobi ambayo huwa mwishoni mwa Mei, na ule wa nchi wanachama wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, New York mwezi wa sita. Upi una faida? Mliowahi kufika semeni.

nukta_sita
Mkuu habari umeileta nusu. Anaenda nani? Peke yake au na msaidizi? Ulemavu gani? Pasipoti ipo? Na mnafuata nini huko, vifaa, wafadhili au kuibana serikali? Hiyo minne haifanani hata kidogo, ni kama kulinganisha mnada wa samaki na kikao cha madiwani.

MamaWawili
Na shilingi ngapi? Kugharamia ndo tiketi tu au na malazi na bima na ya kula? Msaidizi naye analipiwa? Maana wafadhili wengi wanahesabu kichwa kimoja, wanasahau kuna mtu hawezi kusafiri bila mwenzake.

nukta_sita
Mimi sioni, kwa hiyo nasema wazi, kama anayeenda haoni basi CSUN. Wameanza tangu 1985, ni chuo kikuu cha California pale Northridge ndo wanaandaa, na dunia nzima ya vifaa inahamia pale. Unashika mwenyewe mashine za nukta nundu ambazo huku unazisikia tu, unaongea na waliotengeneza programu za kusoma skrini uso kwa uso, unawaambia Kiswahili chenu kinasomeka vibaya, tunatumia NVDA kwa vile ni ya bure lakini ile sauti ya eSpeak mtoto wa darasa la tano anachoka baada ya kurasa mbili. Ukumbi wa maonyesho hulipii, unajiandikisha tu, ada ni ya kusikiliza mada. Mikutano mingine mnaenda kusikiliza hotuba.

Fundi_Njiro
Ngoja niwaambie kitu kabla hamjachagua mji. Mimi natumia kiti mwendo. Niliwahi kualikwa mkutano nje ya nchi, sitautaja, mkutano wa haki zetu kabisa. Mwaliko unasema kila kitu kinafikika. Nimefika kiwanja cha kuunganisha ndege naletewa kiti cha uwanjani, kile kipana cha kusukumwa, changu kimewekwa mizigoni na hakikuja. Kwa hiyo nimeingia mkutanoni na kiti cha kuazima ambacho siwezi kukisukuma mwenyewe, yaani mtu mzima nasubiri mtu aje anitoe chumbani. Hotelini ndo balaa, chumba kikubwa, kitanda kizuri, mlango wa choo kiti hakipiti. Nikawa najiburuta sakafuni kwenda chooni usiku. Kesho yake zamu yangu ya kuongea, jukwaa lina ngazi tatu hakuna mteremko, wakaja vijana wa kuhudumia chai wakanibeba mbele ya watu wote, na watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimeandaa kuongelea majengo yanayofikika. Sikuongelea kitu kingine chochote zaidi ya hilo jukwaa na mwandaaji alinuna hadi mwisho.

Kwa hiyo mkutano wowote, ombeni picha ya choo na upana wa mlango kwa sentimita. Viti vingi ni kama 60 hadi 70, mlango wa 80 mnapumua. Na tiketi ikikatwa hakikisheni imeandikwa herufi sahihi za aina ya msaada mnaohitaji: WCHR ni anayeweza kupanda ngazi ila hawezi mwendo mrefu, WCHS hawezi ngazi, WCHC ni wa kupelekwa mpaka kwenye siti. Wakala akikosea hapo mnakuta hakuna aliyeandaliwa kuwapokea.

MamaWawili
Pole sana kaka. Hayo makofi ndo yameniumiza kuliko hata choo.

Kiziwi_Mbeya
Naona skrini na viti, viziwi hatujatajwa. Mikutano ya kimataifa wanaweka wakalimani wa alama za kimataifa na maandishi ya Kiingereza yanapita chini. Kiziwi aliyesoma kwa Lugha ya Alama ya Tanzania akaishia la saba hapati kitu hapo, anakaa siku nzima anaangalia mikono ya mtu. Inabidi atoke na wakalimani nyumbani, na ni wawili, mmoja hawezi siku nzima, wanapokezana kila dakika 20 au 30. Tayari ni watu watatu. Hata Nairobi alama za Kenya si zetu, tunaokotezana maneno tu.

nukta_sita
Si wafuatilie onlaini? Umoja wa Mataifa wanarusha vikao.

Kiziwi_Mbeya
Kwa bando la nani? Na hujajibu swala la lugha. Kurusha si kufikika.

Mwana_Pongwe
Nimesoma yote, asanteni. Anayeenda ni katibu wetu, dada anayetumia kiti mwendo cha betri, na msaidizi wake. Kiasi ni milioni 12 kwa wote wawili kila kitu ndani. Pasipoti bado. Tunachotafuta ni nguvu ya kuibana halmashauri, stendi na soko jipya vijengwe vya kufikika, sheria ipo tangu 2010 lakini ramani zinapitishwa tu.

Haki_Pwani
Salamu kutoka Mombasa. Kwa lengo hilo New York ndiyo yenyewe kwa sababu Mkataba ndio msingi wa hiyo sheria yenu, ulipitishwa 2006, sisi Kenya tukaridhia 2008 na nyinyi 2009. Kiingilio hakuna. Ila huwezi kujisajili tu, lazima upitie shirika lenye hadhi ya ushauri Umoja wa Mataifa au lililoidhinishwa kwa mkutano huo, kwa hivyo anzeni na SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vyenu vya watu wenye ulemavu, mapema. Faida haiko ukumbini ambako serikali zinasoma taarifa nzuri nzuri, iko kwenye vikao vya pembeni na pale kwenye korido, unamkuta kiongozi wako hana walinzi wa mlango.

MamaWawili
Yaani tuvuke bahari kumkuta kiongozi wa Dodoma? Na mwezi wa sita ni Bunge la bajeti, hao wanaopitisha hela wako Dodoma wote. Milioni 12 watu wawili New York, viza, hoteli za Manhattan, haitoshi. Hata Vienna, viza ya Schengen tu ni euro 90 kila mtu na Februari ni baridi na theluji, kiti cha betri kwenye theluji mmefikiria?

Haki_Pwani
Sijasema msiende Dodoma dada. Lakini diwani akiona katibu wenu amesimama kwenye jukwaa la dunia atamsikiliza vingine, hiyo nimeiona kwa macho.

Fundi_Njiro
Diwani anasikiliza mkandarasi. Mpelekeni mtu anayejua kusoma ramani.

nukta_sita
Vienna msiifute haraka. Zero Project wanakusanya mambo yaliyokwisha kufanya kazi mahali fulani na mengine ni sera za miji, hicho ndicho cha kumwekea mkurugenzi mezani. Na vikao wanarusha.

Kiziwi_Mbeya
Na ule mkutano wa kilele wa dunia wa ulemavu, wa Berlin Aprili 2025, mbona hamuutaji? Walikubaliana asilimia 15 ya miradi ya maendeleo ngazi ya nchi iwe na lengo la ujumuishi. Hiyo asilimia ndo ya kumuuliza mfadhili wa stendi.

Haki_Pwani
Ule si wa kila mwaka, 2018 London, 2022 Norway, 2025 Berlin. Mwakani haupo. Kwa hela hiyo basi Nairobi, waandaaji ni inABLE, wale wenye maabara za kompyuta shule za wasioona, wamejikita kwenye teknolojia lakini watu wa sera wanakuja. Mtanzania haombi viza Kenya. Na kutoka Tanga si lazima ndege, mpakani Horohoro, Lunga Lunga, mnavuka kwa feri Likoni, mnashika treni ya Nairobi Miritini. Mkibana matumizi hata mtu wa tatu anaenda.

Mwana_Pongwe
Huyo wa tatu mwekahazina kashaanza kumtaja. Kikao chetu Jumamosi, kuna wanaotaka Marekani tu hawasikii lingine. Ila hiyo njia ya Likoni, kiti cha betri kina uzito, kwenye feri kinaingiaje?

Haki_Pwani
Kinaingia, lakini angalieni maji. Yakijaa mteremko uko sawa, yakipwa unakuwa mkali sana na kiti kizito kinataka watu wawili wa kukizuia kwa nyuma. Piteni asubuhi, na siku yenyewe niulizeni nitazame majira.

Fundi_Njiro
Betri ni jeli au lithiamu? Hata kama hamtapanda ndege nijibu, wengi wanauziwa jeli ya zamani, ikifika Kwale imekata.