Lupu arubaini, wimbo kamili hakuna. Dawa yake nini?

kinanda_kisauni
Asalaam aleikum jamani. Muziki kwangu ni wa jioni baada ya kazi: kompyuta na kinanda cha funguo 25. Mdundo wa chakacha, ngoma yetu ya pwani, unatoka, besi inakaa, napata lupu tamu, yaani kipande cha kujirudia cha baa 8 (baa ni fungu la mapigo), kisha nakwama. Kesho yake naanza nyingine. Faili zimefika arubaini na hamu yanitoka. Nyinyi mnaopiga kwa raha zenu, mnamalizaje?

Udi na Uvumba
Waaleikum salaam. Si kipaji kilichokwisha, ni masikio yamekinai. Kwa kasi ya mapigo 100 kwa dakika, baa 8 za mapigo manne manne ni sekunde 19 na ushei. Saa moja ya kurudiarudia, ushazisikia zaidi ya mara 180. Hata biriani hailiki hivyo.

Usiongeze chombo. Nakili lupu mara 9, itakaribia dakika 3, halafu anza kufuta. Duru ya kwanza bakisha chapuo (ile ngoma ndogo) na kinanda pekee. Ya pili besi iingie. Ya tano toa ngoma zote. Ya tisa vua kimoja kimoja mpaka ibaki sauti moja. Zima kitufe cha kurudia, usikilize toka mwanzo hadi mwisho mara mbili tu, ufunge mashine ukalale.

msondo_mji_wa_kale
Umesema chakacha, ngoja nikuulize: gridi yako, ile mistari ya kupangia mapigo kwenye programu, ni ya ngapi? Programu nyingi hufunguka zikiwa kwenye 4/4, mapigo manne kila baa, na chakacha hutembea kwa 6/8, mapigo sita mafupi kila baa. Ukibonyeza kile kitufe cha kunyoosha mapigo, chapuo linavutwa kwenye mistari isiyo yake, mdundo unachechemea, nawe wadhani ubunifu umekauka. Badilisha hesabu kabla ya kugonga pigo la kwanza. Kunyoosha kuwe asilimia 50 hivi. Ukiweka 100 hata mchezaji hatatikisa kiuno.

Bi Mizani
Mimi nasema maneno yatangulie, wanangu. Andika beti 3 za mistari minne kabla ya kuwasha chochote. Kila mstari vipande viwili, kila kipande mizani (silabi) 8:

Usiku wetu Mombasa, bahari yanena nami

Kipande kimoja ukikipa baa 2, ubeti mzima ni baa 16, beti tatu ni 48. Urefu wa wimbo ushajulikana, imebaki kiitikio na mwanzo. Ila hesabu kwa vidole: ukiandika "usiku wetu wa Mombasa" mizani ishakuwa 9, na mwimbaji atakimbilia silabi ya mwisho kama anayefukuza matatu.

kinanda_kisauni
Shukran sana Bi Mizani, na nyote. Gridi kweli ilikuwa 4/4! Sasa sauti ya kuimba je? Chumbani pangaboi lavuma, nikilizima ni tanuri.

Udi na Uvumba
Lizime, urekodi ubeti mmoja mmoja, uliwashe katikati. Maiki iwe shubiri moja toka mdomoni, kilele cha sauti kisipite desibeli -10 kwenye kipimo cha programu. Kanga ukutani haisaidii, ni nyepesi mno. Simamisha godoro nyuma ya mwimbaji, maana huko ndiko maiki inakotazama. Na dirisha lifunge, tuktuk hazina adabu.

msondo_mji_wa_kale
Angalia saa ya adhana pia, yakhe, usije ukakatwa ubeti wa tatu.