Mtamba "F2 SS PD+ IC 7M", hizi herufi zinamaanisha nini wakuu?

KukuWamenichosha (14 Agosti, mchana)

Wakuu habari za mchana. Niko Njombe, nimefuga kuku miaka minne wamenichosha, sasa nataka nianze na ng'ombe mmoja wa maziwa. Kuna jamaa kanirushia tangazo wasap, nalinakili kama lilivyo:

"MTAMBA FRI F2. AI 12/3 SS. PD+ IC 7M. MAMA L3 LT 22 CI 13. BEI 3.5M MAONGEZI YAPO"

Mimi nimeelewa bei tu 😂 AI najua ni akili mnemba, sasa imeingiaje kwa ng'ombe? Kumuuliza muuzaji naona aibu maana nilishajifanya mzoefu kwenye simu. Naombeni mnifungue macho kabla sijatoa hela.

MzeeMaksai

Karibu kijana, aibu weka pembeni, milioni tatu na nusu sio za kuonea aibu. Mtamba ni jike ambalo halijazaa bado. FRI ni Friesian, yule wa mabaka meusi na meupe. AI ni uhimilishaji, yaani hakupandwa na dume, alikuja mtaalamu na mtungi wake akampandikiza mbegu kwa mrija, na 12/3 ndo siku yenyewe. SS ni mbegu zilizochambuliwa jinsia, sisi huku tunaita mbegu jike, kwenye ndama kumi tegemea majike kama tisa, usiseme kumi, mimi niliilipia bei yake ya juu nikaletewa dume jeusi tii. PD+ maana yake kapimwa kakutwa na mimba, IC ni mwenye mimba, 7M miezi saba. L3 mama yake yuko uzao wa tatu, LT 22 lita kwa siku, hapo muulize ni siku moja ya kilele baada ya kuzaa au ndo wastani, maana wote tunapenda kutaja ile siku nzuri. CI ni muda kati ya kuzaa na kuzaa, miezi 13 ni safi sana kama ni kweli.

Sasa F2 ndo penye mtego. Ukichukua ng'ombe wa kienyeji ukampa mbegu ya Friesian kamili unapata F1, damu nusu kwa nusu. Huyo F1 akikua ukampa tena Friesian kamili ndama ana asilimia 75, wafugaji wengi ndo tunamuita F2, na anayefuata ana 87.5 ndo F3. Ila ukienda kwa waliosoma, F2 ni F1 kwa F1, na hapo damu inabaki kwenye wastani wa 50 ile ile. Mimi nilinunua "F2" nikiwa na hesabu yangu ya 75 kichwani, kumbe mwenye nae alichukua jike wake F1 akalipeleka kwa dume F1 la jirani. Nilipoenda kumlalamikia akaniambia mzee mbona ni F2 kweli, na kwa vitabu yuko sahihi, sikuwa na la kujibu. Mtamba alivyofika mwaka na nusu nundu imesimama kama ya zebu wa Singida, kuzaa kanipa lita sita. Kwa hiyo usiulize ni F ngapi, uliza baba yake alikuwa nani na bibi yake alikuwa ng'ombe gani.

FundiMirija

Shikamoo mzee, umeeleza vizuri ila naona hesabu imewapita wote. Mimi kazi yangu ndo hiyo ya mirija. Kuanzia 12/3 mpaka leo 14/8 ni siku 155, hiyo ni miezi mitano tu, hiyo 7M kaitoa wapi? Mimba ya ng'ombe ni siku 280 na kidogo, kama alishika ile ya tarehe 12 atazaa kwenye 20 Desemba hivi. Na kama kweli ana miezi saba basi mimba iliingia Januari, kabla mtaalamu hajafika, ina maana kuna dume lilishapita hapo bomani, na hiyo SS uisahau kabisa.

Halafu hiyo PD+, aliyepima ni nani na lini? Kuna watu wakiona siku 21 zimepita ng'ombe hajarudi kwenye joto, yaani hajataka tena kupandwa, wanaandika PD+ tayari. Kutorudi sio kupimwa, joto linaweza kuja usiku wa manane wewe umelala. Kwa mkono wengi tunapima kuanzia siku ya 60 hivi. Dai kadi ya uhimilishaji, iwe na tarehe, saa alizoonekana kwenye joto na namba ya dume. Namba ya dume huwa imeandikwa kwenye mrija wenyewe, mimi mrija mtupu namuachia mwenye ng'ombe aubane kwenye kadi.

Wa_Nyandarua

Salamu kutoka Kenya. Huku ukienda kununua utakutana na zingine tena, Foundation, Appendix, Intermediate, Pedigree, hizo ni ngazi za usajili. Foundation ni ya chini, ng'ombe anafanana na aina yake lakini karatasi za wazazi hana, ukiendelea kumpa fahali aliyesajiliwa vizazi vinapanda ngazi. Mtu akikuuzia Pedigree bila cheti hiyo ni hadithi tu. Na muulize kama huyo mtamba alizaliwa pacha na dume, hao karibu wote huwa tasa. Ingawa huyo wa kwako wanasema ana mimba, sawa, daktari aingize mkono athibitishe.

KukuWamenichosha (jioni)

Wakuu asanteni sana, nimempigia. Miezi nilivyomhesabia kakaa kimya kidogo, akasema "aah tano saba si karibu tu". Dume anasema hana, ila la jirani huwa "linapitapita". Nikamwambia basi nitumie picha ya kadi. Kanijibu kadi ilikuwepo ila ndama kaila.

FundiMirija

Na mrija nao kala? 😂 Usitume hata shilingi ya kushikilia, nenda na daktari wako.

KukuWamenichosha

Jumamosi asubuhi naenda nae. Hela nimeiacha kwa mama watoto.