Mjadala: Kijiji kizuie sumu kali kwenye nyanya ili wadudu rafiki wafanye kazi?

Wadau, habari za leo. Sisi wa Arumeru tunakaribia kusia mbegu, naomba hili tulijadili bila kutupiana maneno.

Kantangaze, yaani Tuta absoluta, nondo mdogo ambaye kiwavi wake anaharibu nyanya, alithibitika Tanzania mwaka 2014. Tangu hapo jibu letu ni bomba la dawa mgongoni tu. Chuma jani lenye michirizi myeupe, lielekeze juani. Utamwona kiwavi yuko katikati ya ngozi mbili za jani, kichwa cheusi, anakula huku anasogea. Sumu ya kugusa inalowesha jani, yeye yuko ndani. Jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 260, na kwenye joto kizazi kinakamilika ndani ya mwezi hivi. Waliobaki hai baada ya dawa ndio wanaozaa, na dawa hiyo hiyo msimu ujao haiwagusi. Basi tunachanganya chupa mbili tatu kwenye bomba moja, leo tunapiga, keshokutwa tenga liko soko la Kilombero, Arusha mjini. Siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko hatuzihesabu, na nyanya hizo wanakula watoto wetu.

Adui wa kantangaze yupo. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE cha Nairobi kilimleta kutoka Peru nyigu mdogo aitwaye Dolichogenidea gelechiidivoris, na baadaye akaachiliwa kwenye mashamba ya Kenya. Anamtafuta kiwavi mchanga ndani ya jani, anamtagia yai, na funza wa nyigu anamla kiwavi kwa ndani. Wanaoliona jambo hili geni wakumbuke mihogo: kidung'ata, mdudu mdogo anayefyonza mimea, alipoimaliza mihogo ya Afrika, nyigu kutoka Paraguay ndiye aliyemdhibiti, kuanzia mwaka 1981.

Tatizo ni kwamba nyigu hajui mpaka wa shamba. Mimi nikiacha sumu, jirani akapiga, wangu wamekufa. Ni kama josho la ng'ombe: boma moja lisipoogesha, kupe wanarudi kwa wote. Kwa hiyo nasema wazi, serikali ya kijiji itunge sheria ndogo ya kuzuia sumu zinazoua kila mdudu kwenye mabonde ya nyanya. Mnasemaje?

Mkulima wa Kahe, Moshi:
Mkuu, nakuheshimu, ila hapo umenipoteza. Shamba nimekodi, maji ni ya zamu, mbolea nimekopa. Nikizuiwa kupiga na kantangaze akafagia, kijiji kitanilipa? Halafu kiwavi akishaingia kwenye tunda, nyigu wako ananisaidia nini? Na inzi weupe je?

Mama wa sokoni, Kilombero:
Mimi nanunua nyanya kwa macho. Tenga likiwa na nyanya zenye vitundu, bei inashuka hapo hapo, sitaulizia habari ya nyigu. Ila wateja wenye watoto wadogo siku hizi wananiuliza zile chembe nyeupe kwenye ganda ni nini, na sina jibu.

Mwanzisha mada:
Kaka wa Kahe, hoja ya fidia ni ya kweli, na mtu akiniambia tuanze bila fidia nitampinga pamoja nawe. Ushuru wa mazao tunatozwa kila msimu. Sehemu yake iwekwe kando kwa ajili ya msimu wa kwanza. Kuhusu tunda uko sahihi pia, nyigu anamwahi kiwavi mchanga tu, hafuti madhara yaliyokwisha kutokea. Ndiyo maana hawezi kuachwa peke yake. Mabaki ya mimea yafukiwe au yachomwe mara tu mavuno yakiisha, maana kiwavi wa kantangaze anajigeuza pupa, hatua ya kabla ya kuwa nondo, kwenye udongo na kwenye majani makavu. Mitego ya harufu ya jike iwekwe mapema ili tujue madume wameanza kuingia lini. Dawa ya bakteria Bt iruhusiwe: inamdhuru kiwavi aliyeila, nyigu inamwacha. Dawa za ukungu sijazigusa, isipokuwa zile zinazodhuru nyigu. Inzi weupe ana maadui wake pia, na tunawaua kila tunapobeba bomba.

Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iko hapa hapa Ngaramtoni. Nataka wataalamu wake waje kwenye mkutano wa kijiji na orodha mkononi: dawa ipi inaua nyigu, ipi haimuui. Bila orodha hiyo sheria ndogo haitekelezeki, na anayetaka kuipinga aanzie hapo.