Nina 45,000 za chama: ninunue darubini nitafute Sayari ya Tisa?

Mpangaji_Umoja
Wadau, salamu. Zamu yangu ya chama imefika, nina 45,000. Kuna jamaa anauza darubini iliyotumika, kioo cha milimita 130, anataka 38,000. Tangu nisome habari za Batygin na Brown, wanasayansi wa chuo cha Caltech, Marekani, wale waliosema mwaka 2016 kwamba huenda kuna sayari kubwa imejificha mbali kupita Neptuni, situlii. Naishi ghorofa ya juu kabisa, keateka huniruhusu kupanda paani usiku. Mama watoto anasema hizo ni pesa za kutupa. Mtu wa kawaida anaweza kuitafuta akiwa hapa Nairobi?

Shemeji_wa_Wote
Msikilize mama watoto. Uzi ufungwe.

Fundi_Stima
Paani Umoja, na ile taa kubwa ya mulika mwizi inawaka hadi asubuhi? Utaona kamba za nguo za majirani.

Mwalimu_Fizikia
Acheni kumcheka. Kaka, darubini hiyo si mbaya: pete za Zohali utaziona, na miezi minne ya Mshtarii. Ila Pluto itakushinda, na hiyo Sayari ya Tisa, kama ipo, inakisiwa kuwa hafifu kuliko Pluto kwa mamia ya mara. Sayari haina mwanga wake, huazima wa jua. Mwanga hupungua ukienda, hupungua tena ukirudi. Kwa hivyo sayari ikiwa mbali mara mbili, tunaiona hafifu mara 16. Brown mwenyewe ameitafuta kwa Subaru, darubini ya kioo cha mita 8.2 kule Hawaii, akatoka mikono mitupu.

Hakuna aliyeiona. Huko nje kuna miili ya barafu kama Sedna, iliyogunduliwa 2003, ambayo huchukua miaka kama 11,000 kulizunguka jua mara moja. Njia za kadhaa kati ya miili hiyo zimeelemea upande mmoja, ndipo Batygin na Brown wakapiga hesabu ya kitu chenye uzito wa dunia tano hadi kumi. Neptuni ilipatikana hivyo hivyo mwaka 1846. Le Verrier, mwanahesabu Mfaransa, aliona sayari ya Urani inayumba katika njia yake, akakokotoa ni nini kinaivuta, akamwandikia mtazama nyota Galle wa Berlin. Galle akaipata usiku wa siku aliyopokea barua.

Kuku_Kienyeji
Mwalimu, malizia hadithi. Huyo huyo Le Verrier alidai kuna sayari nyingine karibu na jua kuliko Utaridi, ikaitwa Vulcan. Watu wakaitafuta kwa miongo. Mwaka 1915 Einstein akaeleza mwendo wa Utaridi bila kuhitaji sayari yoyote. Na hiyo miili ya barafu iliyopatikana ni michache mno, tena katika sehemu chache za anga. Ukisimama Jogoo Road jioni ukahesabu magari, utasema Nairobi nzima inahamia Donholm, kumbe umetazama barabara moja tu. Utafiti wa 2021 ulioongozwa na Napier ulisema karibu hayo hayo.

Mpangaji_Umoja
Kwa hivyo nikae tu?

Mwalimu_Fizikia
Hoja ya Kuku ni nzito, siipingi. Darubini ya Vera Rubin kule Chile, iliyotoa picha zake za kwanza Juni 2025, itapiga picha anga la kusini kwa miaka kumi, na huenda ikaumaliza ubishi huu.

Wewe ingia Zooniverse, tovuti ambako watu wa kawaida huwasaidia wanasayansi, utafute mradi wa Backyard Worlds: Planet 9. Ni bure. Unaonyeshwa kipande kimoja cha anga katika picha ambazo setilaiti ya WISE ilipiga miaka tofauti, zikipita moja baada ya nyingine. Nyota hutulia palepale. Unatafuta kidoa kinachoruka. Duara hafifu lililo kando ya nyota kali usilikimbilie, ni mwanga uliogongagonga ndani ya kamera. Sayari haijapatikana humo, lakini watu wasio wanasayansi wamegundua vitu vingine, na majina yao yakaingia kwenye makala za utafiti. Tumia kompyuta, simu itakuumiza macho.

Mama_Zawadi
Na ukiitaka darubini kwa raha zako, usilipe mchana. Kutana na muuzaji usiku, mwambie aielekeze Zohali. Usipoona pete, ondoka. Gusa na miguu yake. Ikitikisika, nyota zote zitakuchezea. 38,000 ni nyingi, anzia 25,000. Halafu uipeleke upande wa Magadi usiku usio na mwezi, hapo mjini taa zitakufichia nyota.

Mpangaji_Umoja
Nimemwambia 25,000. Amesoma, hajajibu.