Tunamwokoaje malenga wetu kutoka ngome ya baharini?

Dadu ya Ngara

Habari zenu, wanajukwaa. Sisi ni wachezaji watano na msimamizi mmoja, anayesimulia hadithi na kuamua yanayotokea, na hukutana kila Jumamosi alasiri Ngara, sebuleni kwa mmoja wetu, kucheza mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa kurusha dadu, yaani Dungeons & Dragons kwa kanuni za toleo la tano, lile la mwaka 2014. Wahusika wetu wamefika ngazi ya tano. Tunaye mpiganaji mwenye deraya ya minyororo, mdokozi, kuhani, malenga, na mchawi, ambaye ni mimi. (Mama alinisikia nikijiita hivyo kwenye simu, nikamweleza kwamba huyu ni mchawi wa vitabu wala si wa kuruka usiku, lakini sidhani kama alitosheka.) Mwenzetu anayecheza malenga alikosa vipindi viwili kwa ajili ya mitihani, na msimamizi akaeleza kutokuwepo kwake kwa kumfanya mhusika wake atekwe.

Malenga anazuiliwa katika ngome iliyojengwa juu ya mwamba wa matumbawe. Ukuta wa upande wa bahari una urefu wa futi 80, lango ni moja tu nalo liko upande wa nchi kavu, na walinzi ni kumi na wawili wanaopokezana zamu. Kwa saa za mchezo, sasa ni jioni ya siku ya pili tangu akamatwe, na hukumu ni kwamba atanyongwa alfajiri ya siku ya nne. Tumepata habari kwamba hapewi maji wala chakula.

Mpango wetu ni kusubiri hadi usiku wa mwisho ili tupate muda wa kuwachunguza walinzi, kisha saa nane usiku tupande ukuta kwa kamba, kuhani atufunike kwa uganga wa Ukimya, mimi niwafanye wote wasionekane, tuufungue mlango wa seli kwa ule uganga ambao mezani kwetu tunauita Hodi, na turudi kwa njia ile ile. Tumeujadili kwa Jumamosi mbili bila kurusha dadu hata mara moja, na mpiganaji ametuapia kwamba tukiujadili tena mara ya tatu atakwenda kulivunja lango peke yake. Naomba mnieleze kasoro za mpango huu kabla hajafanya hivyo.

Bibi Kanuni

Ndugu Dadu, mpango wenu ni mzuri mkiusimulia, lakini kanuni zinaukataa karibu kila hatua, na kosa kubwa kuliko yote ni kule kusubiri.

Asiyekunywa maji hupata daraja moja la uchovu siku inapoisha, na kama tayari anao uchovu, humwongezeka madaraja mawili kwa mpigo. Hesabu basi: siku ya kwanza daraja moja, siku ya pili yanakuwa matatu, siku ya tatu matano. Mkiingia usiku wa leo mtamkuta malenga ambaye mwendo wake umepungua kwa nusu, yaani futi 15 badala ya 30 kwa kila zamu ya sekunde sita, na ambaye hurusha dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo karibu katika kila jambo. Mkiingia kesho usiku mtakuta mtu ambaye mwendo wake ni sifuri. Huyo mtambeba kama gunia la mahindi, na mwenye mgongo wa kumbeba ni mpiganaji, ambaye ndiye mliyemtegemea apigane. Nendeni leo.

Pili, Ukimya hautembei nanyi. Ni tufe lenye nusu kipenyo cha futi 20, huwekwa mahali pamoja na kubaki hapo kwa muda usiozidi dakika kumi. Isitoshe, uganga wowote unaohitaji maneno hauwezekani ndani yake, kwa hiyo wewe mchawi ukiwa humo ni mtu tu mwenye kitabu. Uganga wa Kutoonekana nao unahitaji umakini, yaani aliyeufanya aushikilie akilini muda wote, na mtu hawezi kushikilia uganga wa aina hiyo mara mbili kwa wakati mmoja. Ukitumia nafasi yako ya uganga ya ngazi ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote ulizo nazo, utawaficha watu wawili, basi.

Hodi ndiyo inayonisikitisha zaidi, maana mlango hufunguka kwa kishindo kinachosikika umbali wa futi 300. Lakini hapa ndipo vipande vyenu vinapofaana, kama mkivipanga upya. Kuhani auelekeze Ukimya mlangoni mwa seli kutoka mbali, kwa kuwa unafika futi 120. Wewe usimame nje ya tufe, hatua chache tu, ulenge mlango ukiwa unaweza kusema, na kile kishindo kitazaliwa ndani ya ukimya na kufia humo humo. Kumbuka tu kwamba ukifanya uganga huo utaonekana papo hapo, ila yule mwenzako uliyemficha ataendelea kutoonekana.

La mwisho ni kuhusu kunyata. Mwombeni msimamizi atumie kanuni ya kikundi, ambapo nusu ya watu wakifaulu wote wamefaulu. Tuseme kila mmoja wenu ana nafasi 60 kwa 100. Kama ni lazima wote wanne wafaulu, mna nafasi 13 tu kwa 100. Kwa kanuni ya kikundi mna 82. Na mpiganaji aiache deraya, kwa sababu inamharibia kila anaponyata. Kuivua ni dakika tano na kuivaa tena ni kumi, kwa hiyo asijidanganye kwamba ataivaa mle ndani.

Mnunuzi wa Mlinzi

Nimesoma yote mpaka mwisho. Mnaishi Nairobi, mna walinzi kumi na wawili wanaokesha kwa mshahara wa kimaskini, na hakuna hata mmoja wenu aliyewaza kuuliza ni nani kati yao ana karo ya watoto ya kulipa?

Mzee wa Meza

Nimekuwa msimamizi kwa muda mrefu kidogo, na ningependa kusema jambo ambalo wachezaji hawalioni kutoka upande wao wa meza. Mnaponiletea mpango wa Jumamosi mbili, mimi huwa sijui zaidi yenu. Sijaamua kama mlinzi wa tatu ni mlevi, wala kama seli ina dirisha. Mengi ya maswali ambayo mnajibizana kwa saa nzima yangemalizika kwa sentensi moja kama mngeniuliza: je, tunaweza kuona ngazi za ukutani kutoka hapa tulipo? Ulizeni, kwa sababu swali lenu ndilo linaloijenga ngome.

Jambo la pili ni kwamba mmeeleza kuingia kwa aya nzima na kutoka kwa maneno matano, «turudi kwa njia ile ile». Kurudi hakufanani na kuingia hata kidogo. Wakati wa kurudi mtakuwa na mtu wa tano asiyeweza kukimbia, nafasi za uganga zitakuwa zimepungua, na huenda kengele inalia. Kumteremsha mgonjwa kwa kamba futi 80 gizani, huku mishale ikitoka juu, ni kazi ambayo nisingependa kuirushia dadu.

Mchawi, kama una ule uganga wa Unyoya, njia yenu ya kutokea ni kuruka. Unatosha viumbe watano wanaoanguka kwa pamoja, nanyi na malenga mtakuwa watano kamili. Mtashuka futi 60 kwa kila zamu, kwa hiyo ukuta wote ni zamu mbili, na hakuna atakayeumia. Sharti ni kwamba mruke pamoja, uwe nje ya Ukimya, na usiwe umetumia itikio lako, yaani tendo lako moja la papo hapo, kwa jambo jingine. Ila watano ni watano. Ningekuwa mimi msimamizi wenu, ningeweka mfungwa mwingine katika seli ile ile nione mtafanyaje.

Mvita hadi South B

Dada zangu na kaka zangu, shikamooni kwa walio wakubwa. Mimi nimekulia Mombasa kabla ya kuhamia huku kwenye baridi, na nikisoma kuhusu mwamba wa matumbawe na lango moja, naona kabisa msimamizi wenu amekwenda Fort Jesus akarudi na ramani kichwani. Ngome ile ilihusuriwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, karibu miaka mitatu, na ndani yake maradhi yaliua kuliko silaha. Lakini mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, ambaye Wareno walimlea Goa wakambatiza, aliingia kama mtu anayefahamika, akamuua kapteni na kuitwaa. Mwenye nguvu alihitaji miaka. Mwenye ruhusa ya kupita langoni alihitaji siku moja. Ninyi mna kuhani! Ni mlinzi gani atakayemzuia kuhani aliyekuja kumsomea dua mtu anayengoja kunyongwa? Tena maneno ya uganga wake yatasikika kama sehemu ya dua.

Ninaafiki kuruka, kwa sharti kwamba mmwulize msimamizi maji yako wapi. Bahari hujaa na kupwa kwa mwachano wa saa sita hivi, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kama mwezi ni mpevu au ndiyo kwanza umeandama, hilo ni bamvua, maji hupwa mbali sana, na chini ya ukuta mtakuta majabali matupu na mashua yenu imelala ubavu. Unyoya utawafikisha chini salama, lakini hautaisukuma mashua.

Dadu ya Ngara

Nashukuru sana, Bibi Kanuni hasa, ingawa nilipomsomea kuhani habari za Ukimya alinyamaza kwa muda mrefu kuliko uganga wenyewe. Tumekubaliana kwenda usiku wa leo wa mchezo, kupitia langoni. Mnunuzi, hoja yako ilipigiwa kura ikashindwa tatu kwa moja, kwa sababu baada ya kulipia chumba cha wageni tumebakiwa na vipande saba vya dhahabu.

Dadu ya Ngara

Narudi na taarifa, kwa kuwa mmetusaidia na ni haki mjue. Kuhani alipita langoni na kitabu chake cha dua, mdokozi akiwa nyuma yake kama mtumishi aliyebeba taa, nami na mpiganaji tukiwafuata bila kuonekana, yeye akiwa na shati tu. Msimamizi alikubali kanuni ya kikundi, na ilikuwa heri, kwa sababu mpiganaji alipata moja kwenye dadu ya pande ishirini na kukwaruza ukuta kwa upanga. Kuhani alikohoa kwa nguvu akaendelea kusoma. Mlangoni tulifanya kama Bibi alivyosema: nikasimama kwenye kona ya ujia, nikalitamka neno, na tukauona mlango ukitikisika na vumbi likimwagika kutoka juu ya fremu bila sauti yoyote. Wachezaji wote walisimama kutoka vitini.

Ndani walikuwamo wawili. Mzee wa Meza, sijui kama mnafahamiana na msimamizi wetu, lakini alitabasamu aliponiona nikihesabu kwa vidole. Wa pili ni nahodha mzee ambaye malenga alikataa katakata kumwacha, akisema ndiye aliyempa nusu kikombe cha maji yake. Tulipofika juu ya ukuta kengele ilikuwa inalia, na mpiganaji akasema yeye atatumia kamba. Kamba yetu ina futi 50. Ukuta, kama mnavyokumbuka, una 80. Alining'inia mwisho wa kamba, akatazama chini, akaachia, na futi 30 zilizobaki zikamgharimu dadu tatu za pande sita, pointi 11 za uhai kwa jumla. Sisi wengine tulimpita hewani taratibu kama manyoya ya kuku, malenga akimwomba radhi kwa sauti.

Kuhusu maji, tuliuliza mapema, na jibu likawa kwamba yanajaa lakini bado hayajafika kwenye mashua. Tulikuwa tumejibanza chini ya mwamba tukiyangoja, mienge ikishuka ngazi upande wa pili, wakati mpiganaji alipotazama saa ya kweli na kusema kwamba akikosa matatu ya Githurai ya saa mbili atalala sebuleni. Jumamosi ijayo tutaanzia hapo hapo, maji yakiwa magotini.